Golf GTI: nishuke kutoka rimu za 19 hadi 18, au niende 17 kabisa?

kona_kali

Wakuu, habari za humu.

Nina Golf GTI ya kizazi cha saba (ile Volkswagen Golf ya mbio), gia za mkono, nimeinunua kwa mtu. Injini sina neno nayo, breki sina neno nazo, kwenye kona ndiyo usiseme. Shida iko kiti cha nyuma. Pale nina mtoto wa mwaka na nusu. Akiwa kwenye gari la mama yake analala fofofo. Akiwa kwenye langu anaamka kwenye kila kiungo cha lami, na akishaamka hakuna anayepumzika humo ndani. Mke wangu ameshatoa hukumu: safari ndefu tunakwenda na gari lake.

Gari lilikuja na rimu za inchi 19, tairi 235/35R19. Aliyeniuzia alikuwa akizisifia kuliko injini. Kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango kinataja 225/40R18 na 225/45R17, hizo 19 hakizijui.

Kwamba profaili fupi, yaani ubavu mfupi wa tairi, inaleta ugumu, hilo halihitaji fundi. Ninachotaka kujua ni hiki: nikishuka hadi 18 nitasikia tofauti ya maana, au ni 17 tu ndiyo itakayoniokoa? Na nikienda 17, ule utamu wa kwenye kona nitauaga? Sitaki GTI igeuke gari la kubebea mayai.

Upepo natia 40 psi mbele na nyuma, ndivyo nilivyoelekezwa siku ya kununua. Shokapu hazivuji. Zile za kubadilisha ugumu kwa kitufe gari langu halina.

pancha_tupu

Uza, nunua la pili kama la mama mtoto. Kesi imefungwa.

kona_kali

@pancha_tupu nikilala nje leo nitakuja kwako.

Dada_Torki

Kaka, mimi nilitoka 19 nikaenda 17 kwenye gari hilohilo, kwa hiyo nakwambia ya kuonja, si ya kusikia.

Namba ya kwanza kwenye tairi ni upana kwa milimita. Ile ya pili si milimita, ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana. 235/35 ina ubavu wa milimita 82 hivi. 225/40 ina 90. 225/45 ina 101. Kwa hiyo kutoka 19 kwenda 18 unaongeza milimita 8 tu, halafu kutoka 18 kwenda 17 unaongeza nyingine 11. Ukitazama kwa macho utacheka. Ukikalia hutacheka. Ila ile hatua ya kwanza peke yake, kwangu mimi, ningekuwa nimelipa ili nijifariji.

Nilichopoteza ni pale unapoanza tu kukata usukani. Na 19, pua ya gari inaitika papo hapo. Na 17 kuna kitambo kidogo, ubavu unajikunja kwanza ndipo gari linafuata. Mwanzoni iliniudhi kwelikweli, nikawa nakata usukani mapema kuliko inavyotakiwa. Baadaye mikono ilizoea, siku hizi hata silifikirii.

Katikati ya kona sikuona upungufu, kwa sababu sikununua tairi za bei ya mkosi. Na kona yenye lami mbovu ndiyo iliyonishangaza: 17 inashika vizuri kuliko 19. Gurudumu halirukiruki, linabaki chini. Tairi iliyo hewani haishiki kitu, hata iwe pana namna gani.

Uzito nao usiudharau. Nilipandisha kwenye mizani gurudumu zima, rimu na tairi yake. La 19 lilikuwa kilo 23 na nusu, la 17 kilo 18 na nusu. Hizo ni kilo tano kila gurudumu ambazo shokapu haizihangaikii tena. Kila rimu na uzito wake lakini, kuna 17 za chuma kizito zinazoizidi 18 nzuri, kwa hiyo ulizia kilo kabla hujaulizia rangi.

Halafu kuna hofu ya sura. Watu wanadhani ukishuka rimu gari litaonekana limenyanyuka. Kipenyo cha gurudumu zima cha 225/45R17 ni milimita 634, cha 225/40R18 ni 637. Uwazi wa juu ya tairi unabaki uleule. Kinachobadilika ni kwamba unaona mpira mweusi mwingi zaidi na rimu kidogo. Mimi sasa naona 19 ndizo zinazochekesha, ila hilo ni jicho langu.

lori_dogo

Kwa nini asibaki na rimu zake za 19 akaweka tairi ndefu tu? 235/40R19, ubavu unaongezeka, hela ya rimu inabaki mfukoni.

Dada_Torki

@lori_dogo piga hesabu. Hiyo inatoa kipenyo cha milimita 670 na ushee. Kiwandani ni 637. Umezidi kwa asilimia 5, kipima mwendo kinakwambia 100 nawe uko 105, na usukani ukiukata wote kuna hatari tairi ikasugua plastiki ya ndani. Kipima mwendo kinaruhusiwa kukudanganya kwa kuzidisha, kupunguza hakiruhusiwi.

mzee_wa_shokapu

Mwanangu kona_kali, kabla hujafungua pochi nijibu swali moja: huyo mtoto anaamshwa na nini hasa? Maana ugumu wa gari uko wa aina mbili na dawa zake hazifanani.

Kuna mpigo mfupi wenye makali. Kiungo cha lami, mfuniko wa chemba, ukingo wa shimo, zile rasta za barabarani. Unasikia "ta!" kwenye sakafu na kwenye usukani, na bodi yenyewe haijasogea. Huo ni wa tairi na rimu. Kitu kinapita chini ya gurudumu upesi mno, springi haijapata hata nafasi ya kujikunja, kwa hiyo kinachotakiwa ni ubavu laini wa kuumeza ule ukingo. Ubavu mfupi hauna pa kuumezea.

Kuna na gari kumrusha abiria juu chini. Unapita kibonde au tuta, bodi inapanda, inashuka, inapanda tena, na kichwa cha mtoto kinafuata. Huo ni wa springi na shokapu. Bodi ya gari inapanda na kushuka mara moja au mbili kwa sekunde. Gurudumu likianza kudunda peke yake linadunda mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Ni midundo miwili isiyojuana. Rimu ndogo inatibu ule wa haraka. Ule wa polepole haiugusi. Nimeshika magari ya watu walioshuka hadi 17 wakarudi na malalamiko yaleyale, na rimu hazikuwa na kosa lolote.

Sasa hizo 40 psi. Hapo pana somo na wengi hawalijui, kwa hiyo nitalirefusha kidogo.

Kinachobeba gari ni upepo, mpira ni mfuko wake. Ukizidisha upepo umekaza springi ya kwanza kabisa ya gari, ile inayogusa barabara. Lakini usikimbilie kushusha hadi 30. Nenda kasome ubavuni mwa tairi zako. Nina hakika utakuta 91 na pembeni yake XL, yaani tairi iliyoimarishwa ili ibebe mzigo zaidi. 91 maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 615. Sasa 225/45R17 ya kawaida, isiyo XL, nayo ni 91, kilo zilezile 615. Tofauti iko hapa: ya kawaida inazifikia hizo 615 ikiwa na bar 2.5, ambayo ni psi 36. Ya XL inazifikia ikiwa na bar 2.9, psi 42. Nafasi ya hewa ndani yake ni ndogo, lazima hewa ibanwe zaidi ili ibebe mzigo uleule.

Kwa hiyo 19 inakuchapa mara mbili. Ubavu ni mfupi, halafu unadai upepo mwingi. Na ndiyo sababu mtu akinunua 17 halafu akachukua 94 XL kwa kuwa "ni imara zaidi", akaijaza upepo kama alivyozoea, anarudi nyumbani na nusu ya ugumu alioukimbia. Kama kibandiko chako kinaridhika na 91, chukua 91 ya kawaida. Herufi ya mwendo, ile inayofuata hiyo 91 kuonyesha kasi ambayo tairi inaihimili, usiishushe chini ya ile ya kiwandani.

Kwa leo, na tairi ulizonazo, shuka hadi 37 mbele na 36 nyuma, ukipima asubuhi tairi zikiwa baridi. Haigharimu kitu. Sikiliza kinachobadilika.

Mwisho, nataka kujua urefu wa gari. Aliyeweka 19 mara nyingi hakuishia kwenye 19. Ingiza vidole vya mkono kati ya juu ya tairi na ukingo wa bodi. Vinaingia vingapi? Na springi zina rangi gani?

kona_kali

Mzee, shikamoo. Umenifanya nilale chini ya gari na tochi.

Tairi zimeandikwa 91Y XL kama ulivyosema. Vidole: mbele kimoja na nusu, nyuma kimoja, tena kwa kusukuma. Springi ni nyekundu zote nne. Zilizotoka kiwandani sidhani kama zilikuwa nyekundu.

Upepo nimeshusha. Ule mpigo wa "ta!" umepungua ukali, kama mtu aliyekuwa anagonga kwa chuma sasa anagonga kwa mti. Lakini kwenye matuta hakuna kilichobadilika. Nikipita polepole gari linashuka, linagota, linarudi kwa hasira. Tukiwa watu wanne ndio balaa.

mzee_wa_shokapu

Marhaba. Hapo umeshanijibu, ila tuhakikishe.

Chukua kile kifungo cha plastiki cha kufungia waya, kile cha meno. Nyanyua kifuniko cha vumbi cha shokapu ya nyuma, ufunge kile kifungo kwenye fimbo inayong'aa, kwa kubana kiasi cha kusogea ukikisukuma kwa kidole. Kisukume hadi kiguse mwili wa shokapu, rudisha kifuniko. Endesha njia yako ya kila siku na watu wako ndani. Ukirudi, nyanyua kifuniko tena uangalie kimefika wapi. Fimbo ikizama, mdomo wa shokapu unakisukuma juu, na kinabaki pale ilipofika mara ya mbali kabisa.

Juu ya fimbo kuna mpira mnene, kama koni, wa kuzuia chuma kisigonge chuma. Kama kifungo kimesukumwa hadi kwenye huo mpira, gari lako linatembelea mpira, halitembelei springi.

kona_kali

Nimefanya. Kifungo nimekikuta kimebanwa kwenye mpira wenyewe, na mpira upande wa chini umekandamizika na kung'aa. Na gari likisimama tu, bila mtu ndani, kati ya mdomo wa shokapu na huo mpira panaingia kidole kimoja.

mzee_wa_shokapu

Basi ndiyo hiyo. Kilichobaki hapo ni kama sentimita mbili kabla ya kugota, na watu wawili nyuma wanazimaliza kabla hamjatoka getini. Kuanzia hapo kila kitu ni pigo. Huo mpira ni springi pia, lakini ugumu wake unapanda ghafla, na ndiyo ile "hasira" unayoisikia.

Ushauri wangu: anza na springi. Tafuta za kiwandani za gari lako, ubadilishe na mipira hiyo ya kuzuia, ukague bushi za juu za shokapu wakati kila kitu kiko nje. Ukishamaliza piga alaimenti, maana urefu ukibadilika na pembe za magurudumu zinabadilika. Baada ya hapo, 18 zinatosha. Gari hili linakaa vizuri juu ya 225/40R18 likiwa na springi zake, na usukani unabaki ule uliokufanya ulinunue.

Dada_Torki

Mzee kwenye springi nakuunga mkono mia kwa mia. Kwenye 18 hapana.

Anayelalamika hapa ni wa kiti cha nyuma, tena hajui hata kuongea. Dereva ana usukani wa kushika, anaona kiungo cha lami kinakuja, mwili unajiandaa wenyewe. Mtoto aliyelala hajiandai. Na kaka amesema mwenyewe mtoto anaamka kwenye viungo vya lami. Hiyo ni "ta!", kwa maneno yako mwenyewe Mzee, ugonjwa wa tairi. Springi zitamwondolea matuta, viungo vitabaki.

Tena 17 inakuvumilia. Ukiingia kwenye shimo na 19, rimu inabana ubavu juu ya ukingo wa shimo, nyuzi za ndani zinakatika, kesho yake unakuta tairi imeota nundu. Ukiwa na sentimita mbili za ziada za ubavu, mashimo mengi unayapita na kuyasahau.

mzee_wa_shokapu

Dada, sikukatai kwa mtoto. Mimi nilikuwa namfikiria baba yake, aliyesema hataki kuaga kona. Kama hukumu inatoka kiti cha nyuma, 17.

Ila tairi iwe ya maana. 17 yenye tairi ya hovyo itapiga kelele za barabara kuliko 19 yenye tairi nzuri, na kelele nayo inaamsha. Chagua ile inayosifiwa kwa utulivu na kwa kushika kwenye maji, siyo yenye ubavu uliokazwa kwa ajili ya mbio.

pancha_tupu

Kwa hiyo 16 je? Si ndiyo ataogelea kabisa?

boliti_tano

@pancha_tupu Golf za kawaida zinavaa 205/55R16, kweli, lakini breki za GTI si za Golf ya kawaida. Diski za mbele za GTI ya kizazi cha saba ni milimita 312, na zile zenye kifurushi cha Performance ni 340. Kwenye diski za 340, rimu ya 16 haiingii, sahau.

@kona_kali kwa hiyo na wewe pima diski zako kabla ya kununua 17. Kama ni 340, kipenyo cha rimu peke yake hakitoshi kukuhakikishia. Kuna 17 zinazopita na kuna zinazogusa kalipa (ile inayobana pedi za breki kwenye diski) kwa sababu ya umbo la miti ya rimu. Mwombe muuzaji uvalishe moja mbele, ukaze, ulizungushe gurudumu kwa mkono. Usikilize kwa sikio na uingize karatasi ngumu kati ya kalipa na rimu.

Vipimo vya kutafuta: matundu 5 kwa 112 (matundu matano ya boliti kwenye duara la milimita 112), tundu la katikati milimita 57.1, upana 7.5J (inchi 7.5), ofseti karibu na 49, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu. Ofseti ikishuka sana gurudumu linachomoza nje na usukani unaanza kuvutwa na mifereji ya barabara. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko 57.1 weka pete za kujazia, la sivyo utabalansi hadi uchoke na usukani bado utatetemeka.

Na mtu asikushawishi kuchukua 205/50R17 eti ni laini zaidi. Ubavu wake ni milimita 102.5. Umepata milimita moja, umetoa 20 za upana.

kona_kali

Nimewaelewa wote. Nimepima, diski ni 312. Springi za kiwandani nimezipata pamoja na mipira yake, fundi anaanza Jumamosi. Rimu nimezipata 17 za kiwandani zilizotumika, 7.5J ofseti 49, hazijapinda, nimezizungusha kwenye mashine ya kubalansi nikaziona mwenyewe. Tairi 225/45R17 91W, siyo XL.

Swali la mwisho: boliti za hizi 19 nitazitumia kwenye 17? Uzi ni uleule.

boliti_tano

Hapana! Uzi ni uleule lakini kichwa sicho. Rimu za kiwandani za Volkswagen zinakaliwa na boliti yenye kitako cha mviringo, kama nusu ya mpira. Rimu nyingi za dukani zinataka kitako cha koni. Zikichanganywa, boliti inagusa kwenye mstari mwembamba tu, unaikaza unaona imekaza, halafu inalegea njiani. Chomoa moja ya hizo za 19 uitazame, halafu tazama shimo la rimu ya 17, utaona mwenyewe. Nunua seti ya mviringo, M14 kwa 1.5, urefu ule wa kiwandani.

Kaza kwa spana ya kupimia hadi Nm 120, kwa kuruka boliti moja moja na siyo kwa kuzunguka. Tembea kilomita 50 hivi, kaza tena. Upepo tia wa kwenye kibandiko, ule wa mstari wa 17. Halafu ingia kwenye menyu ya gari uhifadhi upepo upya, kwa sababu gari hili halina kipimo ndani ya tairi, linahesabu mizunguko ya magurudumu, na usipoliambia umebadilisha litakuwashia taa ya tairi bure.